Miezi Mitano Kati Yao

Karani wa ofisi ya wakala alikuwa binti mdogo, hata miaka ishirini na mitano sidhani alikuwa amefikisha. Alikuwa amezipanga karatasi zetu juu ya meza kama mama wa sokoni anavyopanga nyanya. Pasipoti nne. Cheti cha ndoa. Vyeti vyangu vya ukunga. Barua ya kazi kutoka hospitali ya ng'ambo iliyonitaka niripoti kabla ya mwisho wa Septemba. Kisha akashika vyeti viwili vya kuzaliwa, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akavitazama kwa zamu, halafu akanitazama mimi.

"Madam, hapa nadhani ofisi ya usajili ilikosea," akasema. "Huyu kijana amezaliwa Februari. Huyu msichana, Julai. Mwaka ni mmoja. Na mama ni mmoja."

Nilimwambia labda ni hivyo, nitafuatilia. Nimekuwa mkunga kwa miaka kumi na minane. Nimewahesabia wanawake wiki zao kwa vidole bila kuangalia kalenda, na nimewakemea wasichana waliojaribu kunidanganya tarehe ya hedhi yao ya mwisho. Lakini pale mezani, mbele ya mtoto wa juzi, nilijifanya sijui kwamba kutoka Februari hadi Julai ni miezi mitano. Nilikusanya karatasi zangu na kutoka bila kuaga.

Ofisi ya usajili haikukosea. Niliyekosea ni mimi, tena kwa mwandiko mzuri.

Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alitulea mtaa wa Mowlem, Nairobi, kwa twiga na vifaru vya mbao, na alipokufa alimwachia mama nyumba ya vyumba viwili na gunia la patasi. Mdogo wangu alikuwa mcheshi, mvivu wa kufua, mwepesi wa kupenda. Alipopata mimba akiwa chuoni anasomea upishi, aliyempa mimba hiyo alizima simu na hatukumsikia tena. Mimi na mume wangu wakati huo tulikuwa tumepanga chumba Kware, ghorofa ya tano, dirisha letu limekaribiana na la jirani kiasi kwamba ungeweza kumpa chumvi bila kutoka nje. Mdogo wangu akaja kukaa nasi. Alilala kwenye kochi, tumbo lake likikua, na mimi nilikuwa nimetoka tu kujifungua mtoto wangu wa kiume. Tulikuwa tukicheka kwamba chumba kile kimoja kitatoa timu ya mpira.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha uzazi ambacho siku hizi hakipo tena. Mahali pale pamejengwa nyumba za kupangisha. Uchungu ulimshika adhuhuri, akaja kwa miguu, akicheka na kulaani kwa pamoja. Mkunga hapaswi kumzalisha mtu wa nyumbani kwake, hilo tulifundishwa, ila siku hiyo tulikuwa wauguzi wawili na akina mama sita. Mtoto nilimpokea mimi. Msichana, mzito, aliyelia kabla sijamgusa mgongo. Mdogo wangu akauliza kama ana pua ya baba yetu, nikamwambia hapana, ashukuru Mungu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoongea kama dada wawili. Baada ya hapo nilikuwa mkunga tu, na yeye akawa mama anayetokwa na damu isiyosimama.

Nilifanya kila nilichofundishwa. Nimelisema hilo kwa watu wengi na ni kweli. Nilikanda tumbo mpaka mikono yangu ikafa ganzi, nilidunga sindano, niliweka dripu mikono yote miwili, nilipiga simu, nikapiga tena. Gari la wagonjwa lilipofika halikumkuta mgonjwa wa kubeba. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini siku hiyo nililia nikimtukana dereva, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kukwama kwenye msongamano wa magari kama mtu mwingine yeyote wa Nairobi.

Pale kituoni tulikuwa na desturi yetu. Aliyempokea mtoto ndiye aliyejaza karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ile ambayo mzazi huipeleka kwa msajili ili apewe cheti. Tulizijaza asubuhi, zikiwa zimejikusanya, kwa kalamu ya kukandamiza sana kwa sababu ya kaboni zilizo chini. Siku ya tatu niliketi na rundo hilo. Nilikuwa nimetoka kumnyonyesha yule mtoto ndani ya stoo ya dawa, maana maziwa yangu yalikuwapo na yeye alikuwa na njaa. Alikuwa amelala kifuani pangu nikiandika. Nilijaza za wengine wote kwanza. Nilipofika kwake, penye jina la baba niliandika la mume wangu. Penye jina la mama niliandika langu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Sikuwaza sana. Sikutaka cheti cha mtoto kianze na jina la maiti. Niliogopa pia kwamba yule mwenye simu iliyozimwa angeiwasha siku moja, aje na wazee wake kudai mtu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo nalisema sasa kwa sababu nimechoka kulificha: nilihisi nina deni la uhai, na njia pekee niliyoijua ya kulilipa ilikuwa kumchukua mtoto mzima mzima, asibaki hata na herufi moja ya mtu mwingine. Sista mkuu aliisoma ile karatasi. Alijua kwamba mwanangu ana miezi mitano, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenizalisha. Alinitazama, akavuta pumzi, akagonga muhuri.

Mama yangu alisema nimefanya vyema. "Aliyenyonya kwako ni wako," alisema, akamaliza. Mume wangu hakusema kitu mpaka msiba ulipopoa. Yeye ni dereva, mtu wa kutazama mbali barabarani kabla hajageuza gari. Alinishauri twende mahakamani tumwasili mtoto kisheria, kila kitu kiwe wazi. Nilimjia juu.

"Mahakama gani? Niende kumwomba hakimu mtoto ambaye titi langu liko mdomoni mwake?"

Nina mdomo, hilo najua. Mwaka uliofuata alilirudia jambo hilo mara moja, nikamwambia akilisema tena atalala kwa mama yake. Hakulisema tena kwa miaka kumi na miwili.

Tulihamia Komarock watoto wakiwa wamejifunza kutembea. Majirani wapya waliona watoto wawili wa kimo kimoja wakaniita Mama Pacha, nami nikaitika. Ni jina tamu. Mvulana alikuwa mwembamba na mwenye kelele, msichana mnene na mtulivu, na watu walisema ndivyo mapacha walivyo, mmoja huchukua maneno na mwingine nyama. Keki tulikata moja, Aprili shule zikifungwa, ambayo si Februari wala Julai. Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilikuwa imewekwa lami na taa, na niliizoea kiasi cha kusahau kwamba ina mwisho.

Halafu kiwanda alichokuwa akiendeshea mume wangu kikafungwa. Mimi nilikuwa kwenye mkataba unaokatwa na kufufuliwa kila mwaka, wadi ina akina mama wawili wawili kitandani, na mwili wangu ulikuwa umeanza kukataa. Wenzangu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Nilifanya mitihani, nikapita, nikafanya mahojiano kwa kompyuta kwenye saibakafe ya jirani, nikapata kazi. Barua ilisema naweza kwenda na mume na watoto. Nilipoisoma kwa sauti pale mezani, mvulana alipanda juu ya kiti akapiga mayowe. Msichana aliuliza kama huko kuna maktaba.

Kwa hiyo tulirudi kwa yule karani, mara hii mimi na mume wangu, na ilibidi nimweleze. Alisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu. Hakunihukumu, na hilo liliniudhi zaidi ya kama angenihukumu. Akasema, kwa adabu zote, kwamba ubalozini wataona alichokiona yeye, na kwa haraka zaidi. Nikisema tarehe imekosewa, watataka kipimo cha damu, na damu itanitaja kuwa mama mkubwa, si mama. Nikisema ukweli, cheti kitakuwa cha uongo, na swali la kwanza litakuwa ni nani aliyekijaza. Mkunga aliyeghushi karatasi ya uzazi hapewi visa, na pengine leseni yenyewe haitabaki mkononi mwake. Kwenda mahakamani inawezekana, ila hiyo ni miaka, na Septemba ilikuwa miezi minne mbele.

"Ama mumtoe huyu msichana kwa maombi ya visa," akasema. "Mwende watatu. Halafu mfuatilie mkiwa huko."

Mume wangu alikuwa na haki ya kusema, "Nilikuambia." Hakusema. Njiani kurudi alininunulia njugu karanga kama tulivyokuwa tukifanya tukichumbiana, na nilitamani kuzimwaga barabarani.

Nilikwenda Mowlem kwa mama. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharagwe. Nilimweleza, naye hakuinua kichwa.

"Mwache kwangu," akasema. "Mimi nimelea wawili hapa, na nimezika mmoja. Nitamlea huyu."

"Hajui chochote, mama. Hata kaburi halijui."

"Hajui kwa sababu wewe hutaki ajue. Mimi nakwenda kwa mwanangu kila mwaka nikiwa peke yangu, napalilia kama mtu asiyeacha kizazi." Hapo ndipo aliponitazama. "Ulinichukulia mjukuu ukamfanya mwanao. Lakini yule binti yangu mwingine naye alikuwa mama. Kwa dakika chache, ndiyo. Alikuwa mama."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Miaka yote nilijiona nimetoa, kumbe pia nilikuwa nimenyang'anya. Nilikaa pale chini nikamsaidia kuchambua.

Sitasema tuliamua. Niliamua mimi. Mume wangu alikuwa tayari tuache yote. Alisema atatafuta hata kazi ya mlinzi. Lakini nilikuwa nimeuona mlango, na nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mlango wa namna hiyo hausubiri mtu akamilishe mambo yake. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya watoto wote wawili. Labda ni kweli. Uongo wangu wote umekuwa na kweli nyingi ndani yake.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilimketisha msichana katikati ya magoti yangu nimsuke kwa ajili ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, gredi ya saba. Nilichagua wakati huo kwa uoga, kwa sababu mtu unayemsuka hakuoni uso.

"Kuna kitu nataka kukuambia," nikaanza. "Ni juu ya siku uliyozaliwa."

"Ile ya Julai?"

Kitana kilisimama mkononi mwangu.

"Endelea tu, mathe, utapoteza mstari," akasema. Kisha, taratibu, kama anayesoma tangazo la shule: "Nilijua kitambo. Gredi ya tano mwalimu alitaka vyeti vyetu. Ulinipa mimi nibebe vyote, ulisema huyu mwingine atapoteza. Nikavisoma kwa njia. Si wewe kila siku unaambia watu kwa simu, wiki arobaini, wiki arobaini? Nikapiga hesabu."

"Na hukuniuliza?"

"Nilidhani ukitaka kusema utasema." Aliinamisha kichwa nifikie kisogo. "Nilijua mliniokota. Kuna yule mtoto aliwachwa kwa mlango ya kanisa, wewe na daddy mlikuwa mnaongea juu yake. Nikasema sawa, hata mimi niko hivyo. Nikaona nisilete shida, msije mkachoka."

Miaka miwili. Miaka miwili mtoto yule alikuwa akiosha vyombo bila kuambiwa, akimpigia kaka yake pasi, akiwa wa kwanza darasani, nami nikijisifu kwa majirani kwamba nimelea. Nilikuwa nikidhani ni tabia njema. Kumbe ilikuwa ni woga wa mtu anayeishi nyumba ya watu. Nilitaka kujipiga. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, nikamwambia hakuokotwa. Nikamweleza habari za mdogo wangu, tangu kochi la Kware hadi stoo ya dawa. Nilimwambia alivyouliza kuhusu pua.

"Ni yule wa picha kwa susu?" akauliza. Picha hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mama yangu, na watoto waliambiwa ni anti yao aliyekufa kwa ugonjwa.

"Ndiye."

Akageuka anitazame, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake, furaha ya mtu aliyevuliwa mzigo. Alianza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe mimi ni wa hapa hapa tu!" akasema. "Mimi ni wa kwenu!"

Nilikuwa nimekuja na maneno mawili ya kumwambia, na hilo lilikuwa la kwanza. Ningeweza kuliacha la pili hadi kesho yake. Mtu mwenye huruma angeliacha. Lakini nilijifahamu kwamba nikilala sitalisema, kwa hiyo nililisema papo hapo, machozi yake ya furaha hayajakauka: kwamba karatasi zimekataa, kwamba sisi tutatangulia, kwamba yeye atakaa kwa susu kwa muda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Furaha yake haikuondoka kwa ghafla. Iliondoka polepole, na niliitazama yote ikienda.

"Nani mwingine anabaki?"

"Utakuwa na susu."

"Nauliza kati yetu."

"Ni wewe tu."

Aligeuza uso akaketi kama alivyokuwa, mgongo kwangu.

"Nimalizie nywele," akasema. "Kesho tuna gwaride."

Mvulana tulimwambia siku iliyofuata, na yeye hakuwa na adabu za dada yake. Alipiga teke mlango wa choo. "Si wewe ndio uliandika?" akanipigia kelele. "Si uandike ingine!" Baba yake alimwambia aache kumjibu mama yake, lakini kwa sauti ya mtu anayekubaliana naye. Kwa siku mbili mvulana hakunisemesha, isipokuwa kuniomba nimpitishie chumvi.

Majirani wa ploti waliniuliza kwa nini pacha mmoja anabaki. Niliwaambia ni mambo ya shule. Walinitazama na kunyamaza, maana Komarock watu wana heshima ya kutokuamini kimyakimya. Msichana mwenyewe alianza kuhamisha vitu vyake Mowlem kidogo kidogo, kila Jumamosi mfuko mmoja, vitabu kwanza. Alimfundisha kaka yake kupiga pasi shati. Alimfundisha kupika wali usioungua, wakigombana jikoni, na mimi nilikaa sebuleni nikijifanya nasoma maelekezo ya safari. Jumamosi moja mama yangu alimpeleka kaburini. Walirudi na matope kwenye viatu. Sikuulizwa kama nataka kwenda.

Ninaandika haya nikiwa huku, mwaka wa pili. Kazi ni nzuri, akina mama wanalala mmoja mmoja kitandani, na hakuna anayekufa kwa sababu ya foleni ya magari. Mume wangu anaendesha gari la kupeleka mizigo majumbani. Mvulana ameota ndevu tatu na amepata lafudhi nisiyoipenda. Wakili wa Nairobi ananiambia faili letu limehamishiwa kwa hakimu mwingine. Tunampigia msichana simu ya video kila Jumapili, naye anatuonyesha ripoti yake ya shule, bado wa kwanza. Siku hizi namba moja yake inaniumiza. Watu huniuliza kama nilipata shida siku ya uwanja wa ndege, nami huwaambia ndiyo, lakini pale uwanjani sote tulikuwa tumeshajiandaa kulia. Siku ninayoikumbuka ni ya vipimo vya kifua.

Kabla ya kuomba visa ilitubidi tupigwe picha ya kifua kwenye kliniki moja ya mjini, kuthibitisha kwamba hatuna kifua kikuu. Shule zilikuwa zimefungwa. Msichana alisema atakuja nasi ashike faili, maana baba yao na kaka yake hawaaminiki na karatasi. Nilipaswa kumkataza. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuwa naye, na kwa sababu, Mungu anisamehe, ni kweli kwamba yeye peke yake ndiye asiyepoteza kitu.

Tuliketi kwenye benchi wanne, kwa mpangilio tunaoketi kanisani. Baba mwisho, kisha mvulana, kisha msichana, kisha mimi. Faili lilikuwa mapajani pake. Karani wa mapokezi, mama mtu mzima mwenye miwani, alituita dirishani. Tukainuka wote kwa pamoja, kwa mazoea.

"Familia?" akauliza.

"Ndiyo," akajibu mume wangu.

"Wangapi wanasafiri?"

"Watatu," nikasema.

Yule mama alituhesabu kwa kalamu kupitia kioo, mmoja, wawili, watatu, wanne. Hakuwa na ubaya. Ilikuwa kazi yake kuhesabu.

"Na huyu msichana? Huyu si mtoto wako? Mnafanana."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejibu maswali ya mabosi na ya wakala na ya majirani, lakini sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo akiwa amesimama kando yangu, bega lake likigusa langu. Nikisema ndiyo, ataandikwa kwenye fomu. Nikisema hapana, nimesema hapana. Mume wangu alitazama sakafu. Mvulana alianza, "Yeye ni—" akakatika.

Msichana alinipa faili. Alinipa kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu.

"Hapana, mimi ni mtoto wa dada yake, aliyefariki," akamwambia yule mama, kwa sauti safi kabisa, ya mtoto anayejua kujibu. "Nimewasindikiza tu."

"Pole, mwanangu," akasema yule mama. "Basi wewe ngojea nje, huku ndani ni wenye vipimo peke yao."

"Sawa," akasema. Akatoka.

Yule mama akanisukumia fomu chini ya kioo. Nikaandika watatu, nikatia sahihi.